Mkimbiza Vipepeo na Pua ya Mama Bhoke

Kaka yangu Wenceslaus alizaliwa kwenye nyumba ya wavuvi, na ziwa likamkataa. Kila baba alipompandisha mtumbwini, kabla hawajafika maji marefu alikuwa ameshatapika uji wa asubuhi na ugali wa jana. Baba alivumilia miaka mitatu. Mwishowe akasema huyu mtoto anawalisha samaki kuliko samaki wanavyotulisha sisi, akamrudisha nchi kavu ashone nyavu. Kushona alijua. Na kukimbia alijua, maana ndiye aliyekuwa anatumwa kupeleka samaki wadogo wa furu, wabichi, mpaka gulioni kabla jua halijawaharibu. Vidole vyepesi, miguu myepesi, tumbo bovu. Hiyo ndiyo mali aliyotoka nayo kijijini kwetu rasini alipokuja kukaa kwangu Kamunyonge, Musoma, mwaka 1982.

Mimi nilikuwa nimeshaolewa, nabanika samaki uani na kuwauza Nyasho. Ile miaka hakuna asiyeikumbuka. Sabuni ilikuwa inasikika tu, haionekani. Kipande kikifika duka la ushirika, habari ilikuwa imeshazunguka mitaa yote kabla gari halijazima injini, na wewe ukifika unakuta mkia wa foleni uko kwa jirani yako. Tulifulia majani ya mpapai, tukaogea jivu na jiwe. Kwa hiyo kila mtu alinukia kazi yake. Ukifumba macho kwenye misa ya kwanza uliwajua watu wanaopita kwenda kukomunika mmoja mmoja: huyu fundi baiskeli, huyu ametoka kukamua, huyu anapika gongo ingawa amekaa kiti cha mbele, na huyu anayefanya watu wasogee ni mimi.

Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu wa wadudu kutoka chuo kikuu, mwanamke mrefu mkavu, jina lake Dorkas. Akapiga kambi nje kidogo ya Butiama, chini ya vilima, akajenga vibanda vya chandarua vikubwa kama vyumba. Akatangaza anatafuta mtu wa kushona nyavu na kukimbia. Watu walienda, wakauliza kukimbiza nini, wakaambiwa vipepeo, wakarudi nyumbani. Mwanamume mzima mwenye ndevu, mchana kweupe, anaruka ruka porini na kifuko cha chandarua kwenye mti? Wenceslaus alisema angalau vipepeo hawako majini.

Basi akaanza. Alipopita Kiabakari na baiskeli yake na ule wavu begani, watu waliokaa barazani walikuwa wanamngoja. Wa leo wamenona, Wenceslaus? Mchuzi wake unawekaga nyanya? Yeye alikuwa anawajibu kwamba mapaja ni matamu ila mabawa yanakwama kooni. Hakuwa mtu wa kununa. Kununa kunataka nafasi, na kichwa chake kilishajaa vipepeo.

Akirudi kwangu mwisho wa wiki alikuwa ananieleza mambo yao mpaka samaki wananiungulia. Kipepeo waliyemtafuta ni yule wa rangi ya chungwa, mwenye ncha za mbawa nyeusi na madoa meupe, huyo huyo unayemwona kila siku na kumpuuza. Sasa kuna jike wa kabila lingine kabisa la vipepeo anayevaa sare hiyo hiyo. Rangi ile ile, ncha zile zile. Anajifananisha kwa sababu huyu wa kwanza ni mchungu na ndege hamli, na yeye ni mtamu, basi anajificha ndani ya nguo za mwenzake. Dume wa kwanza akimwona kwa mbali anamkimbilia, maana macho yake ni kama ya wanaume wengine. Akimfikia karibu anageuka na kwenda zake. Kwa nini? Harufu sio. Macho yanasema mke wangu huyu, harufu inasema humjui.

Nikamuuliza, na jike naye anachagua?

"Jike ndiye anayechagua zaidi, dada Ursula," akasema. "Dume ana kibrashi kimefichwa mkiani. Akitaka kuoa anakitoa, anampitishia jike kichwani, anamnyunyizia ungaunga. Jike anaunusa kwa zile papasi zake za kichwani. Ukiwa sawasawa, anatua. Usipokuwa sawasawa, dume atazunguka mpaka jua lizame."

Na huo ungaunga, alisema, dume hazaliwi nao ukiwa kamili. Lazima akautafute. Kuna mmea wa maua ya njano, maganda yake yakikauka yanalia kama kayamba. Dorkas alisema kwingine wanauita marejea. Ukiwa mbichi dume hauangalii. Ukinyauka, ukawa kama mboga uliyoisahau juani, hapo madume wanaujia kutoka mbali, wanaukwangua, wanaunyonya, na dawa yake ndiyo inayokamilisha harufu yao ya uchumba. Dorkas aliwafuga wengine ndani ya chandarua tangu wakiwa viwavi, akawanyima marejea. Wakakua wazuri, mbawa safi, vibrashi vyao vipo. Majike wakawakataa wote. Akawawekea tita moja la marejea makavu, na baada ya siku chache hao hao waliokataliwa wakakubaliwa.

Kwa sababu hiyo kambini kulikuwa na sheria: mtu asiingie kwenye vibanda akiwa na sabuni ya kunukia wala mafuta ya kunukia, asije akavuruga. Mwaka 1983 hiyo ilikuwa sheria rahisi kuitii kuliko sheria zote za nchi.

Msichana wake, Gati, Wenceslaus alimpata kwenye ulezi. Au ulezi ulimpata yeye. Alikuwa anamfuata dume mmoja kutoka bondeni, macho juu, akaingia mbio kwenye shamba la watu pale pembeni ya Kiabakari, akalikata katikati kama ng'ombe aliyetoroka. Gati alikuwa anapalilia. Kwao ni wafugaji, na mwanamume anayekimbia shambani mara nyingi kuna mfugo mbele yake au wenye mfugo nyuma yake. Akashika jembe akamkimbiza. Wenceslaus alipogundua anakimbizwa hakusimama, kwa sababu kipepeo naye hakusimama. Wakazunguka shamba zima watatu hao, kipepeo, kaka yangu na jembe, mpaka kipepeo akatua kwenye ua, akafunikwa, na Gati akafika na kukuta mwizi wake amepiga magoti anatoa mdudu kwenye chandarua kwa ncha za vidole, anamwomba radhi. Anamwomba radhi mdudu, sio yeye.

Akampeleka kwa mama yake akahukumiwe.

Mama yake tulimwita Mama Bhoke, kwa jina la binti mkubwa aliyeolewa Bunda. Macho yalishazima miaka mingi. Lakini usidhani ulikuwa unapita kwake bila kuonekana. Kila aliyeingia kwake alitoa mkono, na Mama Bhoke aliuchukua, akaugeuza, akanusa kiganja polepole mpaka kwenye kifundo kama mtu anayesoma barua ya serikali. Kisha anakutaja. Sauti alikuwa haziamini. Wakati wa kumposa Bhoke kaja kijana mwenye sauti tamu, anaongea mambo ya kulima na kujenga, mama akakubali. Siku ya harusi ndipo akajua aliyeongea alikuwa mdogo wake bwana harusi. Bwana harusi mwenyewe alikuwa pembeni kajinyamazia, na kajinyamazia mpaka leo, kazi pia ameinyamazia. Tangu hapo Mama Bhoke alisema wa pili atampitisha kwa pua, na hakuna mzee wa ukoo atakayempitisha kwa njia nyingine.

Akaunusa mkono wa Wenceslaus. Akaunusa tena.

"Wewe ni mtu wa ziwani," akasema. "Halafu una kitu kingine."

Hakusema ni kitu gani. Akamhukumu kupalilia ulezi alioukanyaga, siku mbili. Wenceslaus akapalilia. Siku ya tatu akaja tena kuangalia kama umepona. Wiki iliyofuata akaja kuangalia tena. Ulezi haujawahi kuuguzwa vile. Mama Bhoke alikuwa anacheka peke yake kibarazani, na siku moja akamwambia mwanawe kwamba yule mtu wa vipepeo akileta wazee, yeye hatazuia. Gati akampelekea habari barabarani, na Wenceslaus akafika kwangu amepinda usukani wa baiskeli, sijui alikuwa anaendeshea macho yapi.

Tukakubaliana tuvune kwanza, wazee wapate nafasi. Hapo ndipo tulipokosea, maana tulipokuwa tunangoja, nchi ikafunguliwa.

Mfanyabiashara akaruhusiwa kuleta vitu kwa njia zake, na vitu vikaja. Mwaka 1985 ukienda Bunda unakuta sabuni zimepangwa kama matofali, za pinki, za kijani, zinanukia mpaka ng'ambo ya barabara. Mafuta ya nywele. Koti za mitumba. Watu walinunua sabuni wakaziweka sandukuni katikati ya nguo, hawaogei, wanafungua tu na kuvuta pumzi. Na pale Bunda kulikuwa na kijana mwenye kibanda, anaitwa Lukas. Mtu mcheshi, mwenye redio, anayejipaka bidhaa zake mwenyewe ili mteja asome mwilini. Lukas naye alikuwa amemwona Gati gulioni, akatuma wazee wake Kiabakari. Mama Bhoke akachukua mkono wa Lukas, akaunusa, akamwambia, mwanangu, wewe sikuoni. Naona duka. Akamkataa. Ila mzee Ryoba, baba mdogo wake Gati anayesimamia boma tangu kaka yake afariki, alilipenda lile duka na redio yake, akawaambia wazee wa Bunda wasikate tamaa.

Haya yote sisi hatukuyajua. Siku ya posa ikapangwa. Wenceslaus, ili aende akiwa mtu, akapitia Bunda siku moja kabla. Akanunua sabuni. Akanunua koti la mtumba. Na mwenye kibanda, kumwona mteja wa tabasamu kubwa namna ile, akamuuliza kulikoni, akaambiwa kuna posa kesho, hakuuliza wapi. Lukas ana moyo mzuri, nitalisema hilo mbele ya yeyote. Akatoa kichupa chake cha kijani, kile anachojipaka mwenyewe, akamnyunyizia shingoni, kwapani, kwenye koti na kwenye viganja vyote viwili, bure, kwa kumtakia heri.

Asubuhi akaoga mara mbili kwa ile sabuni, harufu ya kichupa ikakataa kutoka. Nikamwona anang'aa kama sufuria mpya. Na mimi, dada yake, niliyekaa kwenye moshi miaka yote, nilisikia ile harufu nikaona hatimaye ukoo wetu umepiga hatua. Nikamwomba sabuni na mimi kidogo.

Baba yetu alishakufa, kwa hiyo msemaji wetu alikuwa baba mkubwa Bernado. Kwa desturi yetu mposaji hasemi neno. Anakaa, anaangalia miguu yake, wakubwa wanasema. Gati alitupokea njiani, akachukua kapu langu la samaki, akasifu koti, akamwangalia Wenceslaus vizuri tu. Hakusema lolote kuhusu harufu. Baadaye nilimlaumu sana moyoni kwa hilo.

Tukaingia. Baba mkubwa Bernado akafungua maneno yake, mazuri, marefu. Alipomaliza, Wenceslaus akanyoosha mkono. Mama Bhoke akaupokea, akausogeza puani, na hakufika hata kwenye kifundo.

"Huyu nilishamkataa," akasema.

Tukaangaliana. Bernado akasema mama, huyu hajawahi kuposa mahali popote. Mama Bhoke akasema amekuja wiki tatu zilizopita na wazee wengine, leo amebadilisha wazee. Gati akasema mama, huyu ni yule wa ulezi. Mama akamwambia wewe lazima ungesema hivyo. Wenceslaus akasahau desturi, akafungua mdomo kujieleza, na yale manukato yaliyokuwa yamemkaa kooni tangu asubuhi yakamchezea. Sauti ikatoka kama ya jogoo anayejifunza.

"Sauti mliniletea kwa Bhoke," akasema Mama Bhoke. "Nikaila. Leo siili."

Pale ndipo mzee Ryoba, akichekelea, alipotueleza habari za Lukas na kibanda chake. Nikaelewa. Tulikuwa tumemvalisha kaka yangu sare ya mtu mwingine, kwa gharama zetu na usafiri wetu.

Tukarudi Kamunyonge. Wenceslaus alikaa uani kwangu kama gunia. Nikamwambia inuka, jambo hili ni dogo, tumeelewa kosa. Yule mama si alikuambia wewe ni mtu wa ziwani? Basi atakupata mtu wa ziwani. Na hapa, nikiri, nilifanya kosa langu mwenyewe, tena kwa kujiamini sana. Nilimsugua kwa jivu mpaka akawa mwekundu. Nikachukua shati lake na suruali nikavitundika juu ya tanuri siku tatu pamoja na sato. Siku ya kwenda nikampaka viganja mafuta ya samaki kamongo. Baba mkubwa Bernado alikataa kupanda naye gari moja, na kusema kweli hata utingo alikataa kwa dakika kumi hivi. Paka wawili wa Kiabakari walitusindikiza mpaka mlangoni. Gati akatupokea, akasema karibuni, akatabasamu kama kawaida. Nikasema moyoni huyu msichana ana adabu ya ajabu.

Mama Bhoke aliuchukua mkono. Akausogeza. Akausogeza mbali.

"Huyu ni samaki," akasema. "Leteni mtu."

Bernado akamkumbusha kwamba yule wa kwanza alikuwa wa ziwani. Mama Bhoke akajibu kuwa hata yule wa Bunda akilala na kamongo kitanda kimoja ataamka hivi. Mvuvi wa kweli hanuki samaki namna hii, mkewe angeshamfukuza. Mkono wa yule wa ulezi ulikuwa na ziwa kwa mbali, juu yake kuna kitu kingine, na hicho kitu hapa hakipo. Akaweka mikono yake mapajani. Akasema wazee wa Bunda wanarudi Jumamosi ijayo, Ryoba amewaita, na yeye amechoka kubishana na Ryoba. Kama yule wa kwanza yuko hai, aje kabla ya hapo. Asipokuja, yeye mama atajua kijana alikuwa anapita tu.

Jumamosi ilikuwa siku sita mbele. Wenceslaus hakunilaumu, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angenilaumu. Njiani akaniuliza mara moja tu: "Dada, mimi nanukaga nini?"

Nikafikiri. Nimemzoea tangu akiwa mtoto, nimelala naye mkeka mmoja, pua yangu haimsikii tena. Hakuna mtu anayejisikia harufu yake, kama vile huwezi kuona kisogo chako. Tungemuuliza Mama Bhoke, lakini Mama Bhoke ndiye mtahini, hatoi majibu.

Jumatano nilikwenda naye Butiama, eti kumsaidia kufungasha, maana alikuwa ameshaamua kwamba Gati akiolewa Bunda yeye ataacha kazi na kurudi kijijini akatapike. Dorkas alimzuia mlangoni kwenye kibanda cha kwanza. Alikuwa amekasirika. Alisema tangu wiki mbili madume hawaelewi kitu, na sasa anajua sababu: kwanza umenijia unanuka kinyozi, halafu unanijia unanuka soko. Akamwambia akae nje. Sijawahi kumwona mtu akifukuzwa kwa wachumba wa aina mbili katika mwezi mmoja.

Akakaa nje. Mimi nikakaa naye. Koti lake la kazi, kuukuu, la kaki, lilikuwa limetundikwa kwenye mti wa kibanda tangu alipoanza kwenda likizo zake za posa. Nikaliona linacheza. Upepo haukuwepo. Nikasogea. Madume wa rangi ya chungwa, saba au nane, kutoka porini, walikuwa wametua kwenye mfuko wa kushoto na kwenye mikono ya koti. Wanakwangua kwa miguu, wanaingiza mirija yao kwenye kitambaa, wanasukumana. Nikatia mkono mfukoni nikatoa ungaunga na vijiti vikavu. Marejea. Kila siku alikuwa anabeba marejea humo kwenda kuyatundika kwenye vibanda, miaka miwili, na ungaunga wake umeingia kwenye kitambaa, kwenye viganja, na juu yake ile dawa ya kufukuza nondo wanaokula nguo, ya kwenye masanduku ya vipepeo. Nikalinusa lile koti. Mboga iliyosahauliwa juani, dawa ya nguo, na kwa mbali sana, chini kabisa, nyavu za baba.

Nikamwita. "Njoo unuse. Huyu hapa."

Akalinusa koti lake, akasema hasikii kitu. Ndipo nikajua ni lenyewe.

Dorkas alipotuona tumesimama tunanusa koti akauliza, akaelezwa, akakaa chini kwenye sanduku akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akafuta machozi akawa mtaalamu tena. Akasema siku mbili, kama madume wake. Hakuna sabuni, hakuna samaki. Akate marejea, ayatundike, ayabebe, aoge maji matupu, avae koti. Akamfungulia stoo yenye matita makavu, akamwambia alale humo akitaka. Akalala humo.

Ijumaa mchana tukaingia Kiabakari. Barazani wakauliza kama leo ni kipepeo au ni sato. Wenceslaus hakujibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Mzee Ryoba alikuwepo, amekunja uso. Baba mkubwa Bernado alikuwa amechoka na maneno yake yale mazuri, akayakata yakawa mafupi: mama, tumemleta, ni huyu huyu, tafadhali.

Mama Bhoke akachukua mkono. Kiganja. Polepole, kidole hadi kidole. Akafika kwenye kifundo. Akaendelea kwenye mkono wa koti mpaka kwenye kiwiko, akarudi. Nilimwona Wenceslaus anaangalia miguu yake kwa nguvu kiasi kwamba nilidhani viatu vitawaka.

"Kuna mstari mmoja hukuupalilia," akasema Mama Bhoke. "Ule wa mwisho, karibu na ua."

"Ndiyo, mama," akasema Wenceslaus.

"Ulidhani sijui."

"Nilidhani hujui, mama."

Akaupiga piga ule mkono, na hakuuachia. Akamwambia Ryoba awatumie watu wa Bunda habari mapema, wasipoteze nauli. Ryoba akasema lakini huyu anafanya kazi ya wadudu. Mama Bhoke akasema ndiyo, na anaifanya kweli, imemwingia mpaka kwenye mifupa. Wewe Ryoba nikikunusa sipati kazi yoyote. Hayo sikuyasema mimi.

Walifunga ndoa mwaka uliofuata kanisani Kiabakari. Mama Bhoke aliweka sharti moja tu: bwana harusi asiguse sabuni ya kunukia siku hiyo, asije akaoa mwingine. Lukas alialikwa, akaja na redio yake, ndiyo iliyotupigia muziki. Alikuwa ameshamwelewa msichana mmoja wa Bunda ambaye mama yake ana mafua ya kudumu. Wanaendelea vizuri.

Kazi ya Dorkas ilipoisha Wenceslaus alipata kibarua cha kushona nyavu hapa Musoma, na siku hizi ana kijiduka Kamunyonge, nyavu na kamba. Mlangoni kwake ametundika tita la marejea makavu. Wateja wanadhani ni uganga. Ni kwa ajili ya kwenda ukweni: kabla ya safari anayachambua, anayaweka mfukoni, ndipo anapanda gari. Madume wa rangi ya chungwa wanakuja pale mlangoni wengi tu, na yule jike anayejifananisha akipita, Wenceslaus anamjua kwa macho, anawahesabia wateja madoa ya bawa la nyuma, wanunue wasinunue.

Mwaka jana nilikuwa nimekaa na wifi yangu Gati tunachambua dagaa, nikamkumbusha zile safari mbili. Nikamwambia wewe msichana ulikuwa na moyo. Ulitupokea tukinuka kichupa cha kijani ukanyamaza, ukatupokea tukinuka kamongo ukatabasamu. Ungetuonya mlangoni tungejipangusa, tusingesumbuka vile.

Akaacha dagaa akaniangalia.

"Wifi, kuwaonya nini? Mimi sinusi," akasema. "Tangu surua, nikiwa na miaka sita. Weka moto, weka maua, kwangu ni hewa."

Nikamuuliza kama mama yake anajua. Akasema anajua, ndiyo maana alikazania kunusa yeye, kwa niaba ya wote wawili. Nikamuuliza sasa wewe ulimpendea nini huyu kaka yangu, na ulezi alikukanyagia. Akafikiri, akarudi kwenye dagaa.

"Nilimkimbiza shamba zima na jembe," akasema, "nikashindwa kumpata. Hakuna mwingine aliyewahi kunishinda mbio."